Saa ya Mama Mayai

Nyumbani kwetu Jumapili hakuna chai ya asubuhi wala chakula cha mchana. Kuna kitu kimoja kirefu katikati, kinaanza watu wakishaamka wote na kinakwisha watu wakishachoka kucheka, nacho tunakiita chai ndefu. Aliyeianzisha ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Jumapili ndiyo siku pekee mumewe alipokuwa hafungui duka lake la kutengeneza saa, na yeye alikataa katakata kupika mara mbili siku ambayo wenzake wamelala. Nilipoolewa humu nilidhani ni uvivu. Leo ukiniambia niiache tutakosana.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni baba mkwe wangu. Mtaa mzima unamwita Fundi, ingawa duka alishalifunga na vifaa vyake vyote sasa vinakaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Ni mwembamba, nadhifu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua liwe kali namna gani, na maneno anayatoa mojamoja, kama anayachomoa kwa kibano. Ana jambo moja tu la kujivunia. Anasema saa iliyotoka mkononi mwake ikirudi, basi imerudi kusalimia.

Kazi yake ya Jumapili ni kwenda sokoni. Mwisho wa wiki mtaa wetu hufungwa, magari hayapiti, na soko linatandazwa kuanzia mlango wa duka la dawa mpaka kwenye mzunguko. Nimewahi kumfuata huko nikachoka mimi, kijana. Nyanya anaigeuza pande zote kama anatafuta mahali pa kutia ufunguo. Tikiti maji analigonga, analiwekea sikio, ananyamaza, kisha anamwambia muuzaji kwa upole, "Hili bado." Na huwa ni kweli bado. Wauzaji wanamtania, wanamwogopa, wanamwekea vizuri.

Mama alipofariki, yote hayo yalikwisha. Baba alikuwa akienda sokoni anarudi kabla maji ya chai hayajachemka, mkononi mkate peke yake. Anakaa mezani anakoroga chai mpaka inapoa. Zamani alikuwa akipiga mluzi wakati wa kunawa mikono, wimbo hauna kichwa wala miguu, na mama mkwe alikuwa akimwambia, "Mzee, unaniitia nyoka." Mluzi ule ulikatika. Nilizoea kuusubiri pale sinki bila kujua nausubiri, na usipokuja moyo unaniuma.

Basi Jumapili moja akachelewa kurudi. Chai ilipoa, tukaipasha, ikapoa tena. Mara nikasikia ngazini mluzi. Nikaacha sufuria nikakimbilia mlangoni, na huyo hapo Baba, kikapu kimejaa, na juu ya mkono wa pili trei nzima ya mayai.

"Mazuri haya," akasema. "Ya leo leo."

Nilifurahi nusura nimkumbatie, na mkwe hamkumbatii baba mkwe wake ovyo. Jumapili iliyofuata akaja na trei nyingine. Halafu akaanza kwenda na Jumamosi pia.

Sitaki kutia chumvi, ila mayai yalitufika shingoni. Friji lilijaa, kabati la sahani likajaa, mengine nikayaweka kwenye sanduku la viatu. Tulikula ya kukaanga, ya kuchemsha, ya kuvuruga, yaliyofichwa ndani ya viazi, yaliyozamishwa kwenye supu. Mume wangu akasema siku si nyingi ataamka amelalia kitu. Niligawa kwa majirani mpaka jirani wa chini akisikia mlango wangu unafunguliwa, wake unafungwa.

Sikuuliza. Mkwe hamwulizi baba mkwe kwa nini ananunua mayai, kama asivyomwuliza kwa nini anavaa soksi na kandambili. Na zaidi ya hayo, mzee alikuwa anapiga mluzi. Nilijiapia kwamba mluzi ule usikatike tena, hata nikipika mayai mpaka niote manyoya.

Sasa kuna wifi yangu. Dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu wa michezo, na sauti ya uwanjani huwa anakuja nayo mezani. Tunamwita Spika. Nampenda, lakini kwa kipimo. Jumapili moja tulipomaliza chai ndefu Baba akasinzia kwenye kiti chake, Spika akaenda jikoni kutafuta maji baridi, akafungua friji.

"Wifi," akaniita. "Mnafungua hoteli?"

Nikamweleza, maana mayai yote hayo ningeyaficha wapi. Akafungua na kabati. Akafungua na lile sanduku la viatu. Alipofika hapo alikuwa ameshakunja uso na amepata jibu.

"Baba anasahau. Ananunua, anasahau kama amenunua, ananunua tena. Na huyo muuzaji ameshamjulia. Anamla mzee wa watu mchana kweupe!"

"Wifi, Baba hasahau kitu. Juzi amenikumbusha siku yangu ya kuzaliwa."

"Twende."

"Twende wapi?"

Alikuwa ameshafika ngazini. Nikachukua kikapu, sijui cha nini, nikamfuata na kandambili zangu.

Mtaa ulikuwa umefurika. Wauza mitumba wamepanda juu ya meza zao wanarusha blauzi hewani, mnoa visu anatoa cheche, kipaza sauti kinatangaza dawa ya panya kwa furaha ya arusi. Mama Mayai, ndivyo soko zima linavyomwita muuzaji huyo, yuko pale kwenye kona, chini ya mwavuli wa buluu ambao ubavu wake mmoja umefungwa waya. Mwanamke wa makamo, mjane kama Baba alivyo mgane, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, nywele amezibana kwa vibanio. Trei amezipanga mbele, na yale mayai makubwa ameyalaza kwenye vikapu vilivyotandikwa nyasi kavu. Katikati ya vikapu ameweka saa ya mezani ya zamani, ya kutia ufunguo, yenye kengele mbili kichwani. Niliiona kwa sababu imesimama. Ilikuwa inaonyesha alfajiri.

"Wewe ndiye Mama Mayai?" Spika akauliza. Hakusalimia. Nikafumba macho.

"Ndiye mimi. Karibuni."

"Hatujaja kununua. Kuna mzee mmoja anakuja hapa, mwembamba, shati limefungwa mpaka juu. Yule ni baba yangu."

Uso wa yule mama ukafunguka wote. "Fundi? Ooh! Amefika salama na kile kikapu? Nilimwambia ni kizito."

"Nyumbani mayai yamejaa mpaka kwenye viatu. Mzee anasahau, na wewe unaona ni neema. Usimuuzie tena. Ukimwona anakuja, mwambie apitilize."

Ile "apitilize" ilifika mpaka kwa mnoa visu, maana jiwe lake lilisimama. Watu wakageuka. Laiti Mama Mayai angebishana. Laiti angetutukana, tungeondoka na roho nyepesi. Yeye alifuta mikono kwenye aproni yake, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu."

Kisha akaichukua ile saa. "Basi nisaidieni kumpelekea hii. Alisema ikisimama tena, wiki ijayo ataiangalia. Mwambieni asihangaike nayo tena, aiweke tu."

Akatupa mgongo. Nilimwona amechomoa kibanio kichwani, anahangaika na saa, sikujua anafanya nini. Aliporudi alikuwa ameifunga kwenye gazeti. Akanipa mimi, hakumpa Spika, na macho yake yalikuwa na maji. Nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Njiani tukasikia kitu ndani ya kikapu. Tik, tik, tik.

"Na saa yenyewe nzima!" akasema Spika. "Unaona? Hata hii ni njama."

Nikakaza mwendo. Kuna siku ukimjibu wifi, maneno yanakaa ndani ya nyumba miaka.

Baba alikuwa ameamka. Spika akamsimulia yote amesimama, mikono kiunoni, kama aliyeleta kombe. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia nipitilize?"

"Ndiyo, Baba. Kwa ajili yako."

Mzee akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, akasogeza vikombe na maganda ya mayai, akafungua gazeti. Saa ikawa inatembea pale mezani, kengele zake zinang'aa. Akabana jichoni kioo chake cha kukuzia, akafungua skrubu za mfuniko wa nyuma, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Hamna," akasema.

"Hamna nini, Baba?" nikauliza.

"Unyasi."

Akatoa kioo jichoni, na hapo kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamsikia akizungumza mfululizo. Alisema siku ya kwanza alikwenda kununua mayai ya chai ndefu tu, akaona saa imesimama, akashindwa kuondoka. Akaifungua pale pale, akakuta unyasi mkavu umekwama katikati ya magurudumu. Akautoa, ikatembea. Alipopita tena, imesimama. Akafungua, unyasi. Akasema ni bahati mbaya, vikapu vyenyewe vina nyasi. Alipopita tena, unyasi.

"Huu mfuniko unafungwa kwa skrubu," akasema. "Na unyasi haushiki bisibisi."

Spika akatukodolea macho mmoja mmoja.

"Sasa nani alikuwa anautia?"

Mume wangu, aliyekuwa na yai zima mdomoni, alipaliwa. Alipopata pumzi akasema, "Dada, shuleni huwa unafundisha nini?"

Niliona jambo linamfikia Spika polepole, linaanzia kwenye nyusi. "Na wewe Baba ulijua?"

"Nilijua."

"Na bado ukawa unaitengeneza?"

"Ilikuwa imeharibika," akasema Baba.

"Na mayai?"

"Siwezi kukaa kwa mtu asubuhi nzima halafu niondoke mikono mitupu."

Akaanza kurudisha skrubu. Ya kwanza ikamponyoka, akaiokota kwenye maganda. "Leo ameutoa mwenyewe," akasema. "Ameniletea ikiwa nzima, haina kazi tena. Nimeelewa." Kisha akatazama kiti cha mama mkwe, kile ambacho tangu afariki hakuna anayekikalia. "Nilikuwa nafurahi pale. Sikuwaambia kwa sababu sikutaka mdhani nimemsahau mama yenu. Sijasahau kitu mimi."

Spika alichukua mkoba wake akaondoka, na ngazini sikusikia hata viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata Baba hakutoka. Jumapili asubuhi akavaa shati, akafunga vifungo vyote, akakaa kitandani, akaniita. "Mwanangu, leo nenda wewe sokoni." Akanawa mikono kimya kimya. Nilisimama pale nikasikia maji peke yake yakianguka kwenye sinki.

Basi heshima nikaiweka juu ya friji, nikashika simu.

"Wifi," nikasema, "umemzima mzee. Njoo umwashe."

Nilijiandaa kwa vita. Kumbe upande wa pili kulikuwa na sauti ndogo nisiyoijua. "Niko sokoni tangu asubuhi," akasema Spika. "Njoo, tafadhali. Naogopa."

Nilimkuta amejificha nyuma ya makoti ya mitumba, ameshika koti la baridi la mtu mnene, na muuzaji anamhakikishia kwamba limemkaa. Nikamshika mkono. Kutoka pale mpaka kwenye mwavuli wa buluu ni karibu, lakini tulitembea kama watu wanaopelekwa kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mama," akasema Spika.

Mama Mayai alikuwa anakagua yai kwenye mwanga. Hakuligeuza tena. "Marahaba."

"Wiki iliyopita nilikuja hapa sikukusalimia."

"Nilisikia."

Mnoa visu akasimamisha jiwe. Mtu huyu sijui huwa anafanya kazi saa ngapi.

"Nimekosea, mama. Nimekosea mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu." Sauti ilikuwa inampanda sasa, ile ya uwanjani, na mara hii nilishukuru. "Baba yangu hajasahau kitu. Mimi ndiye nilikuwa sijui kitu. Wiki nzima anakaa ndani kama amefungiwa. Njoo nyumbani, tunywe chai. Njoo leo."

Mama Mayai aliweka yai kwenye nyasi, akavua miwani. "Mimi nami nina binti," akasema. "Angesikia habari za Fundi, angekwenda kwake hivi hivi. Sina kinyongo." Tukashusha pumzi. "Lakini leo ni Jumapili, mwanangu. Nikiondoka hapa, mayai yatajiuza?"

Nikaona yamekwisha. Kila Jumapili yuko pale, na kila Jumapili sisi tuko kule juu, na Baba hawezi kushuka akaonekana amekuja bila sababu. Sikuwa na wazo hata moja. Lakini Spika alikuwa ameweka mikono kiunoni. Anautazama ule uwazi kati ya vikapu vya mayai na jiwe la mnoa visu, anaupima kwa macho kama anayepanga uwanja.

"Hapa meza inaingia," akasema. "Basi chai itashuka."

Nyumba yetu haijapata kuona vurugu kama ile. Mume wangu alishika miguu ya meza, Spika kichwa, meza ikakwama kwenye kona ya ngazi, ikabidi igeuzwe, ikageuzwa vibaya. Jirani wa chini akafungua mlango kidogo, akauliza kama kuna mayai. Tukamwambia leo hakuna hata moja. Akatoka mzima mzima akabeba birika. Mimi nilibeba mkate, asali, viazi, maparachichi na kitambaa cha meza, na Baba akatokea chumbani kuona nyumba inahamishwa.

"Meza inakwenda wapi?"

"Sokoni, Baba," nikamwambia. "Chukua saa."

Alinitazama. Akaenda kunawa uso. Aliporudi, saa iko kwapani, na kifungo cha juu cha shati lake kimefunguliwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiona shingo ya baba mkwe wangu.

Tuliandika meza pale katikati ya mtaa, watu wakapita pande zote mbili wanatucheka, wengine wanauliza chai ni kiasi gani. Viti tulishusha vyote, na cha mama mkwe kikiwemo. Kila mmoja akawa anakikwepa. Spika akakivuta akakikalia mwenyewe. "Hiki cha Mama nitakitunza mimi," akasema. "Wewe mama, kaa kwenye changu." Mama Mayai akakaa, jicho moja kwenye trei zake, na Baba akakaa upande wa pili.

Tukala, tukacheka. Mnoa visu alikaribishwa akala kuliko sisi wote. Baba peke yake hakugusa kitu, mpaka akaiweka saa katikati ya meza, inagonga vizuri.

"Nimeiangalia wiki nzima," akasema. "Nimesafisha kila gurudumu, nimetia mafuta. Ni nzima kabisa. Haitasimama tena."

Mama Mayai akaacha kutafuna. "Haitasimama tena?"

"Haitasimama."

Nilitamani kumpiga teke chini ya meza. Mume wangu anadai teke nililipiga kweli, ila lilimpata yeye. Kati ya maneno yote ambayo mwanamume angeweza kumwambia mwanamke siku ile, huyu wetu amechagua kumpa dhamana ya kazi! Kudanganya kuhusu saa hawezi, hata kama furaha yake yote imening'inia hapo.

"Basi Fundi," akasema Mama Mayai polepole, "kazi yako kwangu imekwisha."

Baba akatambua alichofanya, na masikio yakamshuka. Spika akanishika mkono chini ya kitambaa, akaubana mpaka ukauma. Tumeshusha meza nzima mpaka sokoni, kumbe tumekuja kumsikiliza mzee akijifungia mlango mwenyewe.

Mama Mayai akaichukua saa, akaisikiliza. Akaigeuza. Akachomoa kibanio kichwani, na mbele yetu sote, mbele ya mnoa visu na wauza mitumba na jirani wa chini mwenye asali mdomoni, akafungua skrubu moja, akafungua ya pili, taratibu, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Akauweka mfuniko juu ya sahani ya mkate. Akanyoosha mkono kwenye kikapu, akachagua unyasi. Wa kwanza hakuupenda, akautupa. Wa pili akaukata ncha kwa ukucha, akausukuma ndani.

Saa ikanyamaza. Akaisogeza mpaka mbele ya Baba.

"Imesimama, Fundi."

Baba alibana kioo jichoni. Akachungulia ndani ya ile saa kwa makini yote, huku na huku, ingawa hata kipofu wa mtaa huo angemwambia ina nini.

"Hii," akasema, "itachukua muda mrefu."

Spika akajifuta macho kwa kitambaa cha meza, akaagiza trei mbili za mayai kwa sauti iliyofika kwenye duka la dawa. Mume wangu akaguna. Baba hakusikia lolote. Alikuwa ameshasogeza kiti karibu na cha Mama Mayai, ameinama juu ya saa, anapiga mluzi.